Shanga za Chini ya Kiti

Gari langu lilinizidi umri. Lilikuwa la Kifaransa, refu, rangi ya mtindi, lenye safu tatu za viti na gia iliyopachikwa kwenye usukani, na hapa Ngokolo, mtaani kwetu Shinyanga, hapakuwa na jingine kama hilo. Watu walilijua kwa mlio kabla hawajaliona. Nikikata kona ya kwetu jioni, natoka shuleni ninakofundisha historia, majirani walikuwa wanaambiana, "Mfaransa huyo karudi." Hawakusema mwalimu karudi.

Mapenzi ya magari niliyarithi kwa baba yangu. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kuchambua pamba, na nilipokuwa mdogo alikuwa ananikalisha juu ya bampa, ananipa plagi na brashi ya waya nisugue masizi. Kaka zangu walikwenda kucheza mpira. Mimi nilibaki na harufu ya petroli mikononi, nikaona hiyo ndiyo raha.

Mume wangu hana habari na magari. Anatembelea pikipiki, na tukienda gereji pamoja mafundi walikuwa wananipita mimi wanamfuata yeye na maelezo ya kabureta. "Mimi abiria tu," anawaambia. "Mwenye gari ni huyo." Wanacheka, halafu wananiangalia vizuri, halafu wanaanza upya.

Mtu asiyewahi kuwa na gari la namna hiyo hawezi kuelewa. Leo rejeta inavuja, unaziba. Kesho pointi za kuwashia plagi zimeungua, unazisugua kwa msasa ufike nyumbani. Vipuri havipo. Nilikuwa nakwenda mpaka Nyasubi, Kahama, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeyajaza vipuri yale maboksi ya rafu za juu. Alikuwa anapanda ngazi mwenyewe, anapuliza vumbi, ananiambia, "Mama, hii ndiyo ya mwisho." Kila nikienda, ilikuwa ya mwisho. Na mimi nilirudi Shinyanga nimeipakata pampu ya maji kama mtoto mchanga.

Nililinunua Geita, kwa mzee aliyekuwa mfanyabiashara na sasa anahamia Nkome, ziwani, kwa mkewe anayenunua dagaa. Siku ya kulichukua nilimkuta ameliosha hadi matairi yanang'aa. Alilizunguka, akaupiga mlango kofi mara mbili, akasema kitu kwa Kisukuma ambacho sikukisikia vizuri. Alipotaka kunipa ufunguo ulimdondoka, akauokota, ukamdondoka tena. "Mikono hii imezeeka kabla yangu," akasema. "Gia inanishinda, ng'wanone, mwanangu. Ungekuwa huwezi kulitunza nisingekupa." Nikamwahidi nitalitunza.

Na nililitunza. Aliyelifurahia zaidi ni binti yetu, wakati huo yuko darasa la pili. Tuna nyumba ndogo, na yeye aliamua kuwa gari lile ndicho chumba chake. Akirudi shule anaingia kiti cha kati, anafunga milango, anapandisha vioo ili kuku wasiingie, anapanga madaftari na wanasesere. Huko ndiko alikofanyia hesabu zake, alikolia akigombezwa, na mchana wa Jumapili ndiko alikolala, kwenye sakafu kati ya viti, juu ya kapeti. Nilipita nikamwona miguu tu. Nilijisikia fahari. Nilisema moyoni, huyu ni mjukuu wa baba yangu.

Kisha alianza kuumwa, ila si ugonjwa wa kumlaza mtu kitandani. Viganja vyake vikawa vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto, ngozi ya ncha za vidole ikabanduka. Alitoka jasho hata asubuhi ya baridi. Usingizi ukampotea. Mtoto aliyekuwa anacheka na kila mtu akawa analia kwa sababu kijiko kimeanguka. Chakula akawa anakisukuma. Mwalimu wake akaniita ofisini akanionyesha daftari: herufi zimepinda, mistari inatetemeka, kama ya mtu anayeandika akiwa juu ya trekta.

Tulimtibu fangasi. Tulimtibu minyoo. Tukabadilisha sabuni, tukaacha mayai, tukaacha karanga. Mama mkwe alikuja na majani ya kumwogesha, nikamwogesha. Katika kliniki moja waliniambia ni mzio, katika nyingine wakaniambia mtoto amedekezwa. Nilirudi nimempakia kwenye kiti cha nyuma cha Mfaransa, amejilaza, na mimi namwambia, "Pumzika huko, mama. Tunafika sasa hivi."

Jumamosi moja ya likizo nilimwita fundi wa kuchomelea aje nyumbani. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu upande wa nyuma ya dereva, na mvua zilikuwa karibu. Alikuja na mitungi yake ya gesi kwenye toroli, mtu mzima mtaratibu, aliyewahi kufanya kazi machimboni Geita kabla hajahamia mjini. Tulifungua nati za kiti cha kati, tukakitoa nje pamoja. Akawasha moto wake kujaribu mdomo wa bomba, ule moto wa bluu unaovuma, wakati mimi nimeingiza kichwa ndani nikivuta kapeti lililoshikana na sakafu kwa gundi ya zamani.

Kapeti likaachia ghafla. Chini yake, kwenye bonde la bati, kitu kikanimulika machoni.

Nilidhani ni matone ya lehemu. Nikanyoosha kidole nilisukume moja. Likakimbia. Likagonga jingine, yakawa moja, kisha likapasuka likawa mengi madogo, yote yakateleza kuelekea kwenye kona ambako kulikuwa na dimbwi zima limetulia, linang'aa kama kioo. Nikaona uso wangu humo, mdogo, umepinda.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilipokuwa sekondari kipimajoto kilivunjika maabara na mwalimu akatutoa wote nje.

"Zima moto," nikasema. Hakunisikia kwa mvumo wa moto. "Zima! Zima moto!"

Fundi akainama akachungulia. Alifunga gesi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akanivuta blauzi, akanitoa mle ndani kama mtu anayemtoa mwenzake shimoni.

"Zebaki," akasema. Alirudi nyuma hadi kwenye ukuta. "Mwalimu, ningeipiga moto hiyo tungeivuta yote mapafuni. Mayu we! Imefikaje humo?"

Nilibaki nimesimama uani, kidole changu nimekinyoosha mbali na mwili kama si changu. Nilikuwa naangalia lile kapeti, mahali ambapo palikuwa na alama ya mto wa kulalia. Jua la Shinyanga linalokaanga bati. Vioo vimepandishwa juu. Mtoto ndani.

Na huyo mtoto akawa amesimama nyuma yangu, peku, na kikombe cha uji.

"Mama," akasema, kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa muda mrefu, "mmeziona shanga zangu!"

Fundi na mimi tuligeuka pamoja.

"Shanga gani?"

"Hizo zinazokimbia. Zinatoka pale kapeti lilipopasuka. Ukizishika hazikai." Akaniangalia, akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Nyingine ninazo."

"Ziko wapi?"

Akaenda ndani. Nilimfuata. Alifungua begi la shule, mfuko wa mbele, akatoa kichupa cha dawa ya macho nilichokuwa nimekitupa zamani. Kilikuwa kimejaa karibu nusu. Alikitikisa ili nione zinavyocheza. Kichupa hicho kilikuwa kinakwenda shule kila siku na kurudi.

Nilipiga magoti nikamwambia anipe, akanipa, kizito kuliko kichupa cha ukubwa ule kinavyopaswa kuwa.

"Umewahi kuziweka mdomoni?"

"Hapana."

"Umempa rafiki yeyote?"

"Hapana. Zitampotea. Mimi huwa nazilaza hapa tu." Akafungua kiganja chake chekundu kilichobanduka, akanionyesha pa kuzilaza.

Mume wangu aliporudi alitukuta tumekaa nje, mimi nimemwogesha mtoto mara ya pili, milango yote ya nyumba wazi, gari limefunikwa turubai. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa bado na helmeti kichwani. Nilipomaliza akaivua, akaiweka chini, akakaa juu yake. "Na tulikuwa tunampaka losheni," akasema.

Jumatatu tulikuwa Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na nilipotaja zebaki aliacha kuandika. Aliangalia viganja, fizi, akamwambia mtoto anyooshe mikono mbele. Ilitetemeka. Mkojo wetu sote watatu ukapelekwa maabara Dar es Salaam. Majibu yalipokuja, mume wangu alikuwa salama. Mimi nilikuwa nayo kidogo. Ya binti yetu daktari aliyasoma, kisha akayasoma tena.

"Alikuwa anaivuta kwa pumzi, haili," alitueleza. "Ikipata joto inakuwa hewa, haina harufu wala rangi. Wewe ulikuwa unaendesha umefungua kioo. Yeye alikuwa anakaa humo gari limefungwa."

"Atapona?"

"Watoto wengi hupona wakiondolewa mapema. Tutampa dawa ya kuitoa. Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kwamba mmeiona."

Nikamwambia sikuiona mimi. Nilikuwa natafuta kutu.

Maneno yalishasambaa Ngokolo kabla hatujarudi. Siku ya pili akaja mtu nisiyemjua, na pikipiki yenye vumbi la machimbo, amevaa vizuri, mwenye adabu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Akasema amesikia nina kapeti.

"Nina kapeti."

"Naomba uniuzie. Na viti kama vipo."

Nilidhani amekosea nyumba. Nikamweleza pole pole kwamba lile kapeti lina sumu, limemuumiza mtoto wangu, nasubiri watu wa mazingira waje kulichukua.

"Ndiyo, nimesikia, pole sana," akasema, na niliona kweli ananihurumia. "Lakini ile ni mali, mwalimu. Nikilikung'uta juu ya beseni napata ya kufanyia kazi. Sisi tunaishika kila siku kwa mikono hii. Unaichanganya na mchanga, inakamata dhahabu, unaikamua kwa kitambaa, unaichoma, zebaki inaruka, dhahabu inabaki."

"Unaichomea wapi?"

"Nyumbani. Machimboni wezi wengi."

"Nyumbani wapi?"

"Jikoni, kwa mama watoto. Kwenye kikaango."

"Kikaango cha zebaki peke yake?"

Alinishangaa. "Kikaango ni kikaango, mwalimu."

Nilimuuliza ana watoto wangapi. Akatabasamu, akasema Mungu amemjalia, wa mwisho ndiyo kwanza anatambaa. Nilimkalisha kwenye kibaraza, nikamwita binti yangu, nikamwambia amwonyeshe mjomba viganja vyake. Aliviangalia kwa muda. Tabasamu likamtoka taratibu. Aliondoka bila kapeti na bila kuaga sawasawa, na hadi leo sijui alipofika nyumbani alifanya nini.

Kitu kimoja kilibaki kinanisumbua: yule mzee wa Geita. Nilimkasirikia siku nyingi. Nilijiambia alijua, ndiyo maana akaliosha vile. Mume wangu akasema, "Nenda kamuulize, usiendelee kugombana naye ukiwa peke yako." Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunganisha Geita, kisha gari la abiria hadi Nkome.

Nyumba yake niliipata kwa kuuliza kwenye mwalo wa dagaa, pale mitumbwi inaposhushia, maana mkewe anajulikana. Alikuwa uani, kati ya nyavu zilizoanikwa dagaa, amekaa na mbwa wa kufukuza kunguru. Aliponiona akajaribu kusimama, na hapo hasira yangu ikapoteza njia. Hakutetemeka mikono tu sasa. Kichwa kilitetemeka, na kidevu. Mkewe alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko.

"Mwangaluka, ng'wanone," akanisalimu, maneno yanatoka yamekatika katika. "Mfaransa mhola? Mzima?"

Nilimwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia kuhusu kapeti, dimbwi, kichupa cha dawa ya macho.

Mkewe akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa nauza vitu machimboni," mzee akasema hatimaye. "Sururu, tochi, sabuni. Na zebaki, kwenye chupa. Chupa nilikuwa nazilaza chini ya kiti cha kati ili zisionekane. Mwaka mmoja nikaingia korongo, chupa ikapasuka. Niliokota niliyoweza kuokota."

"Na iliyobaki?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa swali rahisi. "Nilidhani ilikauka. Ilimwagika, mama. Kitu kikimwagika si kinakauka?"

"Uliendelea kulitumia?"

"Nililitumia? Nililala humo! Nikiwa minadani nalala humo miezi, nafunga vioo kwa sababu ya mbu." Akaishia hapo. Niliona jambo linamfikia polepole, kama mtu anayesikia hodi akiwa usingizini. Aliinua mikono yake miwili akaitazama ikicheza mbele ya uso wake.

Mkewe akalia. Si kilio cha sauti. Alisema kwa miaka yote wamekuwa wakitafuta aliyewaroga. Wamemtuhumu shemeji yake, ndugu wa mume, hawasalimiani naye mpaka leo. Wamechinja mbuzi. Wamehama Geita kuja Nkome kumkimbia mchawi.

"Kumbe mchawi mwenyewe tulikuwa tunampanda kila siku," mzee akasema.

Nilikuja kumgombeza mtu, nikajikuta namwelekeza njia ya hospitali ya Mwanza na jinsi ya kumuuliza yule daktari. Walinifungia dagaa kwenye mfuko. Niliupokea, kwa sababu kuukataa kungekuwa tusi.

Mzee alikwenda. Mkewe alinipigia baadaye akasema daktari amewaambia ukweli: mikono haitarudi ilivyokuwa, ila haitazidi. Akaniambia jambo jingine, kwamba wamekwenda kwa shemeji yake wakapiga magoti, na shemeji kawaambia wakae, wamekaa, lakini hajawaambia lolote lingine.

Binti yetu alipona pole pole sana, hata sikuweza kusema siku gani. Kwanza alilala usiku kucha. Kisha akala ugali akaomba tena. Mwalimu wake akanitumia picha ya daftari, herufi zimesimama. Viganja vilikuwa vya mwisho. Alikasirika tulipomwambia kichupa hakirudi.

Watu wa mazingira walikuja na mavazi yao meupe, wakafunga kapeti, viti na udongo wa pale gari lilipokuwa limesimama ndani ya mapipa. Bodi ya gari wakasema isikaliwe na mtu tena, ikakatwakatwa. Nilitazama mpaka mwisho. Injini walinikubalia kubaki nayo, maana haikuguswa na zebaki, na nikaifunika sebuleni hadi mume wangu aliponiuliza kama nayo tutaipangia chumba.

Kwa hiyo nilianza kutafuta bodi nyingine. Yule mzee wa Kihindi wa Nyasubi aliniambia kuna mtu Kahama ana gari la aina ileile, limekaa uani bila injini, bodi nzima kabisa. Nikaenda. Mwenyewe alikuwa dereva mstaafu, mchangamfu, alinifungulia boneti kwanza, kama watu wote. Mimi nilikwenda mlango wa nyuma, nikapiga magoti, nikaanza kufungua nati za kiti cha kati.

"Mama, unatafuta nini huko?"

Nilimweleza nikiwa nimeinama, huku navuta kapeti. Chini yake palikuwa na vumbi, njugu kavu na sarafu ya zamani. Hapakuwa na kitu kinachong'aa. Nilipoinua kichwa kumwambia pako safi, nilimkuta amekaa kwenye bampa, rangi imemtoka.

"Hili halikuwahi kwenda machimboni," akasema. "Lile pikapu langu la nyumbani ndilo lililokuwa linabeba chupa za zebaki. Miaka yote."

Alikuwa tayari ameshika simu. Mkewe alipopokea, yeye hata salamu hakumpa.

"Watoto wako wapi?" akauliza. "Wanacheza wapi? Waambie washuke kwenye pikapu. Waambie washuke sasa hivi!"